Mwanga Hauchoki: Fotoni Zinavyozaliwa na Zinavyosafiri

Mhadhara kwa umma, Kisii



Mada niliyopewa ni fotoni: zinatoka wapi, na zinawezaje kuvuka anga tupu hadi zitufikie hapa. Nitaanza na swali ambalo wanafunzi hupenda kuuliza. Ukisimama usiku juu ya kilima cha Manga, unaziona taa za miji na za majumbani kwenye miteremko. Za karibu zinang'aa vizuri, za mbali ni hafifu hata unatilia shaka macho yako. Je, mwanga wa ile taa ya mbali umechoka njiani?

Hapana, haukuchoka. Nina saa moja ya kuwaeleza kwa nini, na nikifaulu, mtakuwa mmeelewa karibu yote yaliyo muhimu kuhusu fotoni.

Kuzaliwa

Mwanga hutoka na kumezwa kwa vipimo vidogo sana visivyogawanyika. Kila kipimo kimoja ni fotoni. Mwaka 1900 Max Planck alilazimika kukubali kwamba vitu vyenye joto hutoa nishati kwa vipimo vya namna hiyo, na mwaka 1905 Albert Einstein akaongeza kwamba mwanga wenyewe uko hivyo. Fotoni haina masi, haina chaji ya umeme, na haijapata kusimama. Haihitaji muda wa kushika kasi: inapozaliwa tu, tayari iko katika mwendo wake wa kilomita 299,792 kwa sekunde.

Nawaomba mlishike jambo moja ambalo wengi hulikosa. Fotoni haikuwa imehifadhiwa ndani ya taa ikisubiri kufunguliwa. Balbu ya kisasa ya wati 10 hutoa fotoni zipatazo bilioni kumi mara bilioni moja kila sekunde, na kabla hujabonyeza swichi hakuna hata moja iliyokuwamo. Zinaundwa papo hapo. Kanuni yenyewe si ngumu: chaji ya umeme, mara nyingi elektroni, ikipoteza nishati kwa kubadilisha mwendo wake au ngazi yake ndani ya atomi, nishati ile inaweza kuondoka ikiwa fotoni.

Ushahidi uko jikoni. Sufuria ya mchuzi wenye chumvi inapofurika kwenye meko ya gesi, tazameni ndimi za moto. Zilikuwa buluu, na ghafla zinageuka manjano yaliyokolea. Chumvi ya mezani ina sodiamu. Joto la moto huziachanisha atomi za sodiamu, kisha huigonga elektroni ya nje ya kila atomi ikapanda ngazi ya juu. Elektroni haiwezi kudumu huko. Baada ya muda upatao sehemu 16 za sekunde iliyogawanywa mara bilioni moja, inashuka, na tofauti ya nishati kati ya ngazi hizo mbili inatoka ikiwa fotoni moja. Ngazi za sodiamu ni zile zile popote atomi ilipo, Nyamira au Tokyo, kwa hiyo fotoni zake hutoka na rangi ile ile: urefu wa wimbi wa nanomita 589 hivi. Zile taa za barabarani zenye mwanga wa manjano mazito zilitengenezwa kwa kanuni hiyo hiyo.

Koroboi nayo ina njia yake. Mwali wake ni wa manjano kwa sababu ndani yake mna chembe za masizi zilizopashwa joto hadi zikawaka. Katika kitu kigumu chenye joto, atomi na elektroni hutikisika ovyo, na mtikisiko huo huzaa fotoni za rangi nyingi kwa pamoja. Makaa ya jiko yakiwa na joto la wastani hutoa nyekundu. Chembe za masizi, zenye joto zaidi, hutoa manjano. Uso wa Jua, wenye nyuzi 5,500 za Selsiasi hivi, hutoa mchanganyiko ambao macho yetu huuona kuwa mweupe. Hata sisi tuliokaa humu ukumbini tunatoa fotoni, ila ni za infraredi, na macho hayazioni.

Mnara wa redio huzirusha elektroni juu na chini ndani ya antena, karibu mara milioni 100 kwa sekunde kwa stesheni za FM, na elektroni hizo hutoa fotoni dhaifu: kila moja ina nishati ndogo kuliko fotoni ya ule mwali wa chumvi kwa takriban mara milioni tano. Upande wa pili kabisa iko mashine ya eksirei hospitalini. Mle elektroni husukumwa kwa umeme wa makumi ya maelfu ya volti, halafu hugongana na chuma cha tangsteni na kusimamishwa ghafla. Nishati ya mwendo wao sehemu kubwa inageuka joto, na sehemu ndogo inatoka ikiwa fotoni kali kiasi cha kupenya nyama ya mwili na kuzuiwa na mfupa. Redio, mwali, eksirei: fotoni ni zile zile, zimezaliwa na wazazi wale wale wenye chaji. Kinachotofautiana ni kiasi cha nishati iliyoachiliwa.

Ndani ya Jua

Kwenye kiini cha Jua, joto ni nyuzi milioni 15. Viini vya haidrojeni vinne, kwa hatua kadhaa, huishia kuwa kiini kimoja cha heliamu. Heliamu hiyo ina masi pungufu kidogo kuliko haidrojeni iliyoingia, na upungufu huo umegeuka nishati. Kwa jumla Jua hupoteza takriban tani milioni nne za masi kila sekunde kwa njia hiyo, na limekuwa likifanya hivyo kwa miaka bilioni 4.6 bila kuisha.

Sehemu kubwa ya nishati huanza safari ikiwa fotoni za gama. Kama zingekuwa na njia wazi, zingetoka nje ya Jua kwa zaidi kidogo ya sekunde mbili. Lakini mle ndani hakuna njia wazi. Fotoni inasafiri kidogo tu, inagonga elektroni, inabadilishiwa mwelekeo au inamezwa, na nyingine inazaliwa kuelekea upande wowote, pengine kurudi ilikotoka. Aliyewahi kujaribu kukatiza soko la Daraja Mbili siku ya gulio akiwa na gunia la ndizi kichwani anaijua hali hiyo: unasukumwa mbele hatua moja, kando hatua mbili, na jioni bado uko pale pale karibu na wauza viatu. Makadirio ya muda ambao nishati huchukua kutoka kiinini hadi usoni pa Jua yanaanzia makumi ya maelfu ya miaka hadi zaidi ya laki moja.

Ndiyo maana si sahihi kusema kwamba fotoni iliyotua mkononi mwako asubuhi hii ndiyo ile iliyozaliwa kiinini. Ile ya kwanza ilikufa zamani. Kila ilipomezwa, nishati yake iligawanywa kwa warithi wengi zaidi na dhaifu zaidi, hadi ile nishati ya kuzaliwa heliamu moja ikatoka usoni pa Jua ikiwa imegawanyika katika fotoni zaidi ya milioni kumi. Nishati ni ya kale sana; fotoni yenyewe ina umri wa dakika nane.

Njiani

Kutoka uso wa Jua hadi shamba lako ni kilomita milioni 150, na fotoni huzimaliza kwa dakika nane na sekunde 20. Inapita kwenye ombwe, mahali ambapo karibu hakuna kitu. Wataalamu wa karne ya 19 walipata taabu kukubali hilo. Wimbi la maji linahitaji maji na sauti inahitaji hewa, kwa hiyo wakadhani lazima anga imejaa kitu fulani cha kuubeba mwanga, wakakiita etha. Mwaka 1887 Albert Michelson na Edward Morley walikitafuta kwa kifaa makini sana, na hawakukipata. Fotoni ni mtikisiko wa uga wa umeme na wa sumaku unaojiendesha wenyewe, na haihitaji wa kuibeba.

Tofauti hiyo kati ya mwanga na sauti tunaiona hapa kwetu kila msimu wa mvua, mawingu yanapokusanyika mchana na radi kuanza. Umeme ukipiga umbali wa kilomita tatu, mwanga wake unakufikia kwa sehemu moja ya sekunde iliyogawanywa mara laki moja. Ngurumo inakuja sekunde tisa baadaye. Sauti ya ngurumo imebebwa na hewa, na hewa inaila: kila inaposukuma chembe za hewa, sehemu ya nishati inageuka joto, na mbali kidogo tu haisikiki tena ingawa mmuliko wake bado unaonekana. Kwa hiyo sauti huchoka, naam. Na kwa kuwa nimeitaja radi, ukihesabu chini ya sekunde thelathini kati ya mmuliko na ngurumo, toka shambani uingie nyumbani, na usijikinge chini ya mti.

Sasa turudi kwa ile taa hafifu. Ikiwa fotoni haichoki, kwa nini taa ya mbali haing'ai? Ni kwa sababu fotoni zake zimetawanyika. Zinatoka kwenda pande zote, na kadiri zinavyokwenda ndivyo eneo la kugawana linavyopanuka. Umbali ukiongezeka mara mbili, zinazoingia jichoni mwako zinabaki robo; ukiongezeka mara kumi, inabaki moja kwa mia. Hapa juu ya angahewa la Dunia, kila mita ya mraba inayolikabili Jua hupokea wati 1,361. Kwenye sayari ya Mshtarii, iliyo mbali zaidi ya mara tano, ni wati 50 hivi. Ila chukua fotoni moja ya manjano iliyofika Mshtarii na moja iliyofika Nyamira, uzipime: nishati yake ni ile ile. Kilichopungua ni idadi tu.

Katika kioo fotoni hukawia kidogo, karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari za kwanza za nyuzi za kioo, TEAMS na SEACOM, zilitua Mombasa, na nyuzi kama hizo zimepanda hadi miji yetu hii. Picha unayomtumia ndugu yako Dubai hupita sehemu kubwa ya safari ikiwa vipigo vya fotoni za infraredi ndani ya uzi mwembamba wa kioo. Humo kioo chenyewe hunyonya na kutawanya sehemu ya fotoni, kwa hiyo kila baada ya makumi ya kilomita huwekwa kifaa cha kuziongeza. Yaani hata hapo dawa ni kuongeza idadi.

Kufia kwenye jani

Wakulima wa chai ndio waajiri wakubwa wa fotoni katika kaunti zetu hizi mbili, Kisii na Nyamira. Karibu na 21 Machi na 23 Septemba, Jua hupita utosini mwetu, na anga likiwa wazi adhuhuri, mita moja ya mraba ya shamba hupokea kila sekunde fotoni zaidi ya bilioni moja mara bilioni moja mara elfu moja.

Chukueni jani moja la chai mlikague. Ni la kijani kwa sababu klorofili iliyomo humeza sana fotoni nyekundu na za buluu, na za kijani hunusurika zaidi, zikaruka na kuingia macho yetu. Ile inayomezwa hufa papo hapo: nishati yake yote huipandisha elektroni ya klorofili ngazi, sawa na ilivyokuwa kwa sodiamu, ila safari hii mwenendo umegeuzwa. Elektroni hiyo haiachwi ishuke bure. Inapokezanywa kutoka molekuli hadi molekuli, na nishati yake inatumika kuvunja maji na hatimaye kutengeneza sukari. Kwa kila molekuli moja ya oksijeni inayotolewa na jani, zimekufa fotoni nane au zaidi. Yale majani mawili na chipukizi mnayoyachuma na kuyabeba hadi kituo cha kununulia yamejengwa kwa hewa, maji na chumvichumvi za udongo, na gharama ya ujenzi imelipwa na fotoni.

Lakini mwanga ukizidi, hudhuru. Klorofili ikipokea fotoni nyingi kuliko zinavyoweza kutumika, nishati ya ziada huharibu jani. Chai ya zambarau, ile aina TRFK 306 iliyotolewa kwa wakulima na watafiti wa Kericho mwaka 2011, ina anthosianini kwa wingi. Rangi hiyo humeza fotoni za kijani na kulipunguzia jani mzigo wa mwanga mkali. Kwa hiyo mkulima anayechagua aina ya mche anachagua pia ni fotoni zipi zitamezwa shambani mwake na zipi zitarudishwa.

Uhuru

Kuna fotoni ambazo hazifiki shambani. Eksirei kutoka angani humezwa na angahewa juu kabisa, na hilo ni jema kwetu, lakini mtu anayetaka kuzichunguza hana budi kupeleka kifaa huko juu. Setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa kazi hiyo tu ilirushwa kutoka Kenya. Tarehe 12 Desemba 1970, miaka saba kamili baada ya uhuru wetu, roketi ya aina ya Scout iliondoka kwenye jukwaa la San Marco la Waitaliano, baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Setilaiti ilikuwa ya NASA, na kwa heshima ya siku hiyo ikaitwa Uhuru. Ilirushwa hapo kwa kuwa karibu na ikweta mzunguko wa Dunia huipa roketi msukumo wa bure wa takriban kilomita 1,670 kwa saa.

Uhuru ilifanya kazi hadi Machi 1973 na kuorodhesha vyanzo 339 vya eksirei. Kimoja kinaitwa Cygnus X-1. Eksirei zake zilikuwa zikipanda na kushuka kwa muda usiofika sekunde moja, na kwa kuwa hakuna kinachoishinda fotoni mbio, kitu kinachobadilika chote kwa sekunde moja hakiwezi kuwa na upana wa zaidi ya kilomita 300,000 hivi. Jua lina upana wa kilomita milioni 1.4. Kwa hiyo chanzo kile kilikuwa kidogo kuliko Jua, lakini kikiwa na masi kubwa kuliko ya Jua. Leo kinakubalika kuwa ni shimo jeusi, na eksirei hutoka kwenye gesi inayolizunguka ikiwa na joto la mamilioni ya nyuzi kabla ya kumezwa. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi ya kisayansi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Mtoto wa Kisii anayesoma fizikia anapaswa kujua kwamba mlango huo wa elimu ulifunguliwa kutoka pwani yake mwenyewe.

Pingamizi

Vijana, mtu aliyesoma anaweza kunipinga hapa. Atasema: mwanga wa galaksi za mbali hutufikia ukiwa mwekundu kuliko ulivyoondoka, na nyekundu maana yake nishati pungufu. Je, huko si kuchoka?

Pingamizi hilo liliwekwa mezani na mtu makini. Mwaka 1929 Fritz Zwicky alipendekeza kwamba huenda fotoni hupoteza nishati kidogo kidogo katika safari ndefu. Nadharia ile ilipewa nafasi, ikapimwa, ikaanguka. Kama fotoni zingekuwa zikipoteza nishati kwa kugongana na kitu njiani, zingepotoshwa mwelekeo, na galaksi za mbali zingeonekana zimefifia kingo. Hazionekani hivyo. Kisha kuna nyota zinazolipuka. Mlipuko wa aina fulani hung'aa na kufifia kwa muda unaojulikana. Katika galaksi ambayo mawimbi ya mwanga wake yamenyooshwa mara mbili, mlipuko uo huo tunauona ukichukua muda mara mbili. Uchovu wa fotoni ungebadilisha rangi yake, lakini usingeufanya mlipuko uende polepole. Kinachoeleza yote mawili ni kwamba anga lenyewe limetanuka wakati mwanga ukiwa njiani.

Mfano mkubwa kuliko yote umo humu ukumbini. Katika kila sentimita ya ujazo ya nafasi mna fotoni zipatazo 400 zilizoachiliwa zamani, miaka 380,000 tu baada ya ulimwengu kuanza, ulipopoa hadi nyuzi 3,000 hivi na kuwa wazi kwa mwanga. Arno Penzias na Robert Wilson walizigundua mwaka 1964 kwa antena ya redio huko New Jersey. Zimesafiri miaka bilioni 13.8. Mawimbi yake yamenyooka karibu mara 1,100 kwa kutanuka kwa anga, na sasa ni maikrowevu. Na bado mpangilio wa nishati zao ni ule ule hasa wa kitu chenye joto, uliohifadhika kikamilifu kuliko katika tanuri yoyote iliyojengwa na binadamu. Kitu kilichochoka kwa kugongwagongwa njiani hakifiki kikiwa na kumbukumbu safi namna hiyo.

Faida yake kwetu

Kwa kuwa mwanga hauchoki, unaaminika. Mistari ya manjano ya sodiamu tunayoiona jikoni imo pia katika mwanga wa Jua, ila kule ni myeusi, kwa sababu atomi za sodiamu zilizo juu ya uso wake zimezimeza fotoni hizo. Hivyo ndivyo Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen walivyotambua kuanzia mwaka 1859 kwamba twaweza kujua Jua limeumbwa na nini bila kuligusa. Heliamu iligunduliwa kwenye mwanga wa Jua mwaka 1868, miaka 27 kabla haijapatikana hapa Duniani. Fotoni za nyota za Kilimia zinazoingia macho yetu usiku ziliondoka huko takriban miaka 440 iliyopita, kabla Wareno hawajaanza kuijenga Fort Jesus mwaka 1593, na mtaalamu anazisoma leo kana kwamba zimetolewa jana.

Walimu wenzangu, hatuhitaji kungoja maabara ya mamilioni. Chukueni diski ya zamani ya CD, ikateni kipande, mkiweke ndani ya boksi lenye ufa mwembamba, mkague taa mbalimbali: koroboi, balbu ya LED, taa ndefu ya fluoresenti ya dukani. Koroboi itatoa upinde usiokatika. Taa ndefu itatoa mistari iliyotengana, kila mmoja ukiwa ni elektroni za atomi fulani zikishuka ngazi fulani. Msikielekeze kifaa hicho kwenye Jua moja kwa moja. Mwanafunzi wa sekondari akiiona mistari hiyo kwa jicho lake, atakuwa ameshika mkononi njia ile ile wanayotumia watafiti kupima nyota, na hatakuwa na haja ya kukariri.

Sasa niko tayari kwa maswali, na tuanze na wale wa nyuma.